Siga Bora: Jani, Mikono na Saa Moja ya Jioni

Siga imekuwa sehemu ya starehe ya miji yetu. Ukiingia katika hoteli kubwa za Masaki au Westlands jioni ya Ijumaa, utawaona watu wameishika, ile sigara nene iliyosokotwa kwa jani tupu bila karatasi, kando ya bilauri ya wiski, saa ya mkononi ikiwa wazi na simu ikiwa tayari kwa picha. Sina ugomvi na mtu anayepiga picha ya furaha yake. Lakini kwa kuwa naipenda siga kwa dhati, husikitika ninapomwona mtu aliyelipa fedha nyingi akiivuta kwa pupa, akaisigina ikiwa nusu, kisha akaondoka bila kujua alichokuwa nacho mkononi. Anasa ya siga ipo, tena ni anasa kubwa, ila inakaa katika jani lenyewe na katika mikono ya watu walioligusa kabla yako. Anayeyajua hayo hufaidi kila shilingi aliyoitoa. Asiyeyajua huwa amenunua tu pete ya karatasi inayovishwa siga, yenye jina maarufu.

Tuanze shambani, kwa sababu huko ndiko thamani inakoanzia. Magharibi mwa Cuba, katika mkoa wa Pinar del Río, kuna eneo linaloitwa Vuelta Abajo, na ndani yake ziko wilaya za San Luis na San Juan y Martínez, ambazo udongo wake mwekundu wa kichanga wapenzi wa siga huutaja kwa heshima. Miche huatikwa mwishoni mwa msimu wa mvua, ikahamishiwa shambani baada ya wiki sita hivi, na kuanzia Januari mavuno huanza. Mmea hauvunwi kwa mkupuo mmoja. Wakulima huchuma majani machache ya chini, wakasubiri siku kadhaa, wakarudi kwa yale yaliyo juu yake, na kuendelea hivyo hadi kileleni, kwa maana kila ngazi ya mmea ina kazi yake ndani ya siga. Majani ya chini huwaka vizuri, ya katikati hutoa harufu, na yale ya juu, yaliyopigwa na jua zaidi ya mengine, hubeba ukali na mafuta. Wacuba huyaita volado, seco na ligero. Jani la nje, lile linaloonekana na kuguswa na midomo, hulimwa kivyake chini ya vitambaa vyepesi vilivyotandazwa juu ya shamba zima ili kuchuja jua, likabaki laini, jembamba na lisilo na doa.

Katika wilaya ya San Luis aliishi Alejandro Robaina, mkulima aliyezaliwa 1919 na kufariki 2010, ambaye kwa miongo mingi alihesabiwa kuwa mkulima bora kabisa wa jani la nje nchini Cuba. Mwaka 1997 jina la ukoo wake lilipewa chapa ya siga, Vegas Robaina, heshima ambayo haikuwa ya kawaida kwa mkulima aliye hai katika nchi ambayo serikali ndiyo mnunuzi wa sehemu kubwa ya mavuno. Namtaja kwa sababu mazungumzo ya siga huwaelekea mno wavutaji maarufu, Churchill na Castro na wengine, ilhali mtu aliyelilea jani hutajwa kwa nadra.

Baada ya kuchumwa, majani hutungwa kwa uzi na kuning'inizwa katika mabanda marefu ya mbao, ambayo hujengwa kuelekea mashariki na magharibi ili jua lisipige ubavu wa banda mchana kutwa. Wasomaji wa Tabora, Urambo na Chunya wanayajua mabani ya kukaushia tumbaku ya mvuke, ambamo moto wa kuni hulikausha jani kwa siku chache likabaki la manjano na lenye sukari. Tumbaku ya siga haipitishwi katika moto. Hukaushwa kwa hewa tu kwa muda wa wiki saba hivi, likageuka taratibu kutoka kijani hadi kahawia, na sukari yake karibu yote ikatoweka. Kisha hurundikwa katika malundo makubwa, yakaloweshwa kidogo, yakaachwa yachachuke. Joto hupanda lenyewe ndani ya lundo, na wafanyakazi hulipima na kulipangua kabla halijaunguza jani. Katika uchachukaji huo amonia hutoka, nikotini hupungua, ukakasi huondoka, na ladha zile tunazozisifu za kahawa, ngozi, karanga na pilipili manga huanza kujitokeza. Jani la ligero, kwa kuwa ni zito, huchachushwa zaidi na kuhifadhiwa kwa miaka miwili au zaidi kabla ya kusokotwa. Hivyo siga unayoiwasha leo ilianza kuwa mbegu kabla hujapata wazo la kuinunua, na kuna siga ambazo jani lake ni la zamani kuliko kazi uliyo nayo sasa.

Ndipo zamu ya msokotaji inafika. Anakaa mbele ya meza ya mbao, akiwa na ubao, kisu kipana kisicho na mpini na kibakuli cha gundi itokanayo na mimea, basi. Huyakunja majani ya ndani mkononi mwake moja baada ya jingine, yale makali yakiwa katikati, akihakikisha kuwa mianya ya hewa imebaki kuanzia mwanzo hadi mwisho. Akibana mno siga haitavutika, na akilegeza mno itawaka kwa moto mkali na kuchoma ulimi. Huyafunga kwa jani la pili, huyatia katika kalibu ya mbao ili yashike umbo, kisha humalizia kwa jani la nje, ambalo hulivuta na kulizungusha pasipo kulichana. Msokotaji mzoefu hutoa siga mia moja hivi kwa siku, kutegemea ukubwa na umbo. Kuna hadithi ya zamani kwamba siga za Cuba husokotwa juu ya mapaja ya wasichana. Si kweli. Wanawake waliokuwa wakichambua majani na kuondoa kikonyo cha katikati waliyaweka mapajani wakiwa wamekaa, na wageni wakajitungia mengine.

Kitu kinachonigusa kuliko vyote katika viwanda hivyo ni msomaji. Mwaka 1865, katika kiwanda cha El Fígaro jijini Havana, wasokotaji walianza kumtenga mwenzao mmoja ili awasomee kwa sauti wakati mikono yao ikiendelea na kazi, na mwaka uliofuata kiwanda cha Partagás kikafuata mtindo huo. Wasokotaji wenyewe walimlipa msomaji kutoka mifukoni mwao, na wenyewe waliamua asome nini: magazeti asubuhi, riwaya na siasa baadaye. Watawala wa Kihispania walitambua mara moja hatari ya wafanyakazi wanaosomewa, wakapiga marufuku usomaji huo mwaka 1866, lakini ulirejea na ukadumu. Walipohamia Marekani, katika miji ya Key West na Tampa, wasokotaji wa Cuba waliondoka na wasomaji wao, na José Martí, mwandishi aliyeongoza harakati za kuikomboa Cuba kutoka kwa Wahispania, alipokuwa akichangisha fedha za vita vya uhuru katika miaka ya 1890, wasikilizaji wake wakubwa walikuwa wasokotaji hao, watu ambao wengi wao hawakukaa sana darasani lakini walikuwa wamesikia vitabu vingi kuliko wasomi. Chapa ya Montecristo, iliyoanzishwa 1935, imepata jina lake kutokana na The Count of Monte Cristo, riwaya ya Alexandre Dumas kuhusu kisasi cha mtu aliyefungwa bila hatia, iliyopendwa mno katika vyumba vya kusokotea. Mwaka 2012 Cuba iliutambua usomaji wa viwandani kuwa urithi wa utamaduni wa taifa. Mimi nikiona neno Montecristo kwenye pete ya siga, naliona kama alama ya chumba kizima cha watu wanaofanya kazi huku wakisikiliza, na sidhani kuna bidhaa nyingi za anasa duniani zenye asili ya namna hiyo.

Siasa ndiyo iliyoisambaza zaidi siga nje ya Cuba. Mwezi Septemba 1960 serikali ya mapinduzi ilitaifisha viwanda, na familia zilizokuwa na chapa kubwa, kama Menéndez, García na Cifuentes, zikaondoka. Mwezi Februari 1962 Rais Kennedy alitia saini vikwazo vya biashara dhidi ya Cuba, baada ya kumtuma msemaji wake, Pierre Salinger, amtafutie siga 1,000 za Petit Upmann. Salinger alirejea na 1,200, na yeye mwenyewe ndiye aliyesimulia kisa hicho. Wataalamu waliokimbia walichukua ujuzi, na wengine mbegu, wakaupanda upya katika Jamhuri ya Dominika, Honduras na Nikaragua. José Orlando Padrón, aliyetoka katika ukoo wa wakulima wa Pinar del Río, alifungua kiwanda kidogo Miami mwaka 1964, na baadaye kazi yake ikahamia Estelí, mji wa nyanda za juu za Nikaragua ambao leo unashindana na Havana bila kuona haya. Mwaka 1995 familia ya Fuente katika Jamhuri ya Dominika ilitoa OpusX, siga ambayo hata jani lake la nje lililimwa nchini humo, jambo ambalo wataalamu wengi walikuwa wamesema halitawezekana.

Huku nyuma Cuba ilikuwa na chapa ya Cohiba. Ilianza katikati ya miaka ya 1960 kama siga ya Fidel Castro na wageni wa serikali yake, ikisokotwa katika jumba la El Laguito pembezoni mwa Havana, ambako wasokotaji wa mwanzo walikuwa wanawake. Iliuzwa kwa umma kuanzia 1982. Castro mwenyewe aliacha kuvuta mwaka 1985. Majani yake mawili kati ya yale ya ndani hupitishwa uchachukaji wa tatu ndani ya mapipa ya mbao, na ladha yake kweli ina ulaini wa nyasi na asali ambao sijaupata kwingine. Hata hivyo mwaka 2022 Habanos, kampuni inayouza siga za Cuba duniani, ilisawazisha bei ya Cohiba duniani kote kwa kuipandisha kufikia kiwango cha masoko ghali, na kwa maoni yangu, mtu wa kipato cha kawaida anayependa siga hana sababu ya kuifuata huko iliko. Kwa fedha ya Cohiba moja utapata siga kadhaa za Estelí zilizosokotwa kwa uangalifu uleule, na mara nyingi kwa uthabiti mkubwa zaidi, maana siga za Cuba za miaka ya karibuni zimekuwa na tatizo la kubana. Kimbunga Ian, kilichopiga Pinar del Río mwezi Septemba 2022 na kuangusha maelfu ya mabanda ya kukaushia, hakikuwasaidia wakulima wale, na ninawaombea heri.

Kuna jambo ambalo sisi Waafrika tungepaswa kulisema kwa kujivuna zaidi. Mojawapo ya majani ya nje yanayosakwa sana duniani hutoka Kameruni, upande wa mashariki kuzunguka Batouri, na katika nchi jirani ya Jamhuri ya Afrika ya Kati. Mbegu yake asili yake ni Sumatra, ilistawishwa huko wakati wa Wafaransa, na mawingu ya eneo hilo hufanya kazi ambayo Cuba hufanywa na vitambaa. Jani hilo ni jembamba, la rangi ya kahawia isiyokoza, na ukilipapasa utahisi vipele vidogovidogo vya mafuta. Likiwaka hutoa utamu wa viungo, kama mdalasini uliokaangwa kidogo, na huacha harufu ambayo hailemei chumba. Familia ya Meerapfel imehangaika kwa vizazi kulidumisha zao hilo katika mazingira magumu, na familia ya Fuente hulitumia katika siga zake za Hemingway. Tanzania ni miongoni mwa wakulima wakubwa wa tumbaku Afrika, lakini karibu tumbaku yetu yote, ya mvuke na ya moshi, huenda katika sigara za kawaida na mchanganyiko wa viwandani. Jani la siga lina soko dogo na linahitaji uvumilivu mwingi, lakini bei yake haifanani kabisa na ile anayoijua mkulima wa Urambo.

Sasa tuje nyumbani, kwa sababu hapa pwani ndipo siga nyingi nzuri zinapoharibikia. Siga hutaka unyevunyevu wa asilimia 65 hadi 70 hivi na joto la nyuzi 18 hadi 21. Dar es Salaam, Mombasa na Unguja hupata unyevu kupita kiasi na joto la nyuzi 30, hali ambayo huleta ukungu na, baya zaidi, huangua mayai ya mdudu wa tumbaku, kijidudu cha kahawia chenye urefu wa milimita mbili au tatu ambacho hutoboa siga kutoka ndani hadi kasha zima likawa chujio. Nairobi, iliyo katika mwinuko wa mita 1,700 hivi, ina afadhali upande wa joto, lakini miezi ya kiangazi hewa yake hukausha jani likapasuka. Kwa hiyo mtu wa Nairobi anahitaji kasha zuri la mbao na kifaa cha kurudisha unyevu. Mtu wa Dar anahitaji zaidi jokofu dogo la mvinyo lililowekwa nyuzi 18, au angalau chombo kisichopitisha hewa katika chumba chenye kiyoyozi kisichozimwa. Siga mpya zikifika, mimi huzigandisha kwanza ndani ya mifuko miwili iliyofungwa vizuri kwa siku kadhaa, kisha huzirudisha polepole, jokofu la kawaida kwanza, ili jani lisipasuke.

Mbao inayosifiwa kwa makasha hayo ni mwerezi wa Amerika, Cedrela odorata, ambao kwa hakika ni wa jamaa moja na mkangazi na mwarobaini wetu. Hunyonya unyevu, huurudisha, na harufu yake huwakera wadudu. Mti huo ulipandwa Tanzania tangu zamani, hata umevamia msitu wa asili wa Kimboza mkoani Morogoro, kiasi kwamba wahifadhi wanahangaika kuupunguza. Fundi seremala wa Morogoro au Zanzibar anaweza kukutengenezea kasha ambalo litakaa vizuri zaidi kuliko mengi yanayouzwa kwa dola, na mti utakaokatwa ni ule ambao msitu unataka utoke.

Kuivuta hakuna siri, kunahitaji adabu tu. Kata kichwa kidogo, milimita mbili hivi, usipite pale inapoishia kofia, kile kipande cha jani kinachofunika kichwa, la sivyo jani la nje litafunguka. Washa kwa kiberiti cha mbao kilichokwisha kuunguza kichwa chake, au kwa gesi. Petroli ya viwashio vya kawaida hutia ladha mbaya. Kwanza pasha moto ukingo wa siga bila kuvuta, huku ukiizungusha, hadi duara lote liwe jekundu. Kisha vuta mara moja kwa dakika, moshi ukae mdomoni tu, usishuke mapafuni. Majivu yaache yajikate yenyewe. Theluthi ya kwanza huwa nyepesi, ya pili hufunguka, ya tatu huwa na nguvu, na ikianza kuchoma iache katika kisahani izimike. Kuisigina hutoa harufu kali inayowaudhi waliokaa nawe. Siga ya Robusto, yenye urefu wa milimita 124, huchukua karibu saa moja, na ile ya Churchill, ya milimita 178, huchukua zaidi. Saa hiyo haigawanyiki. Huwezi kuendesha gari nayo vizuri, huwezi kujibu barua pepe, na hiyo ndiyo sababu ninaithamini.

Watu huifuatanisha na ramu au konyaki, na wana haki yao. Mimi nimeipata ladha nzuri kuliko zote barazani, kwa kahawa chungu iliyomiminwa kutoka katika dele kwenye vikombe vidogo, na kipande cha halua ya Zanzibar au kashata ya njugu pembeni. Uchungu wa kahawa husafisha ulimi kati ya mvuto na mvuto, na mafuta ya halua hulegeza ukali wa ligero. Siga ya jani la Kameruni na kahawa yenye tangawizi ni ndoa ambayo ningependa wenye hoteli za pwani waitie katika orodha zao, kwa sababu ni yetu na haipatikani Geneva.

Hayo yote hayaondoi ukweli kwamba tumbaku hudhuru. Kutoshusha moshi mapafuni hakuzuii saratani ya mdomo, koo na umio, na anayevuta kila siku anajitafutia maradhi. Nisingemshauri asiyevuta aanze kwa sababu ya makala haya. Mimi huvuta kwa nadra, nje, mbali na watoto na wanaokerwa, na sheria zinadai hivyo: Tanzania ina sheria ya bidhaa za tumbaku tangu 2003, Kenya tangu 2007 na Uganda tangu 2015. Wapo pia wanaoiacha kwa imani yao, na mbele yao siga hukaa mfukoni.

Kwa anayenunua, neno la mwisho ni kuhusu bandia, maana fukwe na maduka ya watalii yamejaa Cohiba zisizowahi kuiona Havana. Kasha lenye kifuniko cha kioo ni bandia bila mjadala. Kasha halisi la Cuba lina karatasi ya dhamana yenye namba, na chini yake pamepigwa muhuri wa moto wa Habanos pamoja na alama za kiwanda na mwezi wa kufungashwa. Kichwa cha siga kimefungwa kwa kofia yenye mikunjo iliyo sambamba, na siga zote kashani zina rangi moja. Muuzaji akikuambia mjomba wake anafanya kazi kiwandani, mshukuru na uendelee na matembezi. Na kama ndiyo kwanza unataka kuonja jambo hili kwa uzuri wake, acha majina makubwa, tafuta Short Story ya Arturo Fuente: fupi, inchi nne tu, imechongoka ncha zote mbili, imevishwa jani la Kameruni. Ipumzishe kashani wiki chache baada ya kuinunua, uivute ukiwa umeshiba.